Chili Niliyoitafsiri

Chili haianzi na pilipili. Nasema hili mapema kwa sababu mimi niliwahi kudhani hivyo, na kudhani kwangu kulimponza mtu. Chili huanza na vitunguu, vingi kuliko unavyoona vinatosha, vikaangwe taratibu mpaka vilegee na kugeuka rangi, si kubabuliwa haraka haraka kwa kuwa basi la kwenda nyumbani linakaribia. Nyama ya kusaga ikaangwe peke yake pembeni mpaka maji yake yakauke. Ukiitupa mbichi kwenye nyanya itachemka tu, itakuwa ya kijivu, na mzungu atakula, atashukuru, lakini harudi kuomba tena. Bizari nyembamba, ileile ya pilau, ikaangwe kavu kabla ya kusagwa. Maharage mekundu yalazwe kwenye maji. Kisha nyanya za kopo, hoho, vitunguu saumu, unga wa pilipili usio mkali, na vijiko viwili vya kahawa nyeusi ambavyo jikoni simwambii mtu. Ikiiva, usiipakue siku hiyo. Iache mpaka kesho yake ndipo uipashe moto.

Kwa miaka mingi nimepika chili hiyo kila Ijumaa katika jiko la nyumba moja ya kulelea wazee, Scarborough, kule Toronto, Kanada. Kulikuwa na bibi aliyekuwa hamkumbuki mwanawe lakini Ijumaa aliikumbuka. Nikisifiwa huangalia chini, na wenzangu husema huyu mama hana majivuno. Laiti wangejua. Majivuno ninayo ya kutosha kugawia mtaa mzima, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Nilifika Toronto miaka ya mwanzo ya elfu mbili nikitokea Morogoro, na kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa Kiingereza changu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikisimamishwa mbele wakati wa midahalo, na nyumbani baba aliniamuru niwasomee wageni gazeti la Kiingereza huku yeye akitikisa mguu kwa raha. Kisha nikashuka uwanja wa ndege, afisa akaniuliza swali, nisiambulie hata neno. Nikamjibu ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyoishi mwaka wa kwanza, nikiwajibu watu ndiyo. Niligundua kuwa ukitabasamu na kutikisa kichwa mahali panapostahili, hakuna anayekuchunguza. Nikipiga simu nyumbani nilisema lugha hainisumbui hata kidogo.

Kazi niliyopata ilikuwa ya jikoni kwa wazee: kuosha sufuria, kumenya viazi, kukatakata karoti mpaka vidole vigeuke rangi. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kizungu mrefu, mtu wa haraka, anayeminya maneno puani na kuondoka kabla hajayamaliza. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana ningependa sana kumsingizia.

Mwaka wangu wa pili pale akaletwa Mama. Namwita Mama kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Alinizidi kama miaka ishirini. Alitoka Kongo, upande wa Kivu, akakaa kambini miaka kadhaa kabla ya kuletwa Kanada. Alikuwa akiishi mtaa wa St. James Town kwa binamu yake, yeye na wanawe wawili katika chumba kimoja, na kila alfajiri alipanda treni kisha basi refu mpaka kwetu. Chini ya ile kofia ya wavu tuliyolazimishwa kuvaa alijifunga kitambaa cha kitenge, kila siku rangi nyingine. Kupika alijua kutuzidi sote. Akionja supu alifumba macho kwanza.

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Akiyamaliza salama angepewa kazi ya kudumu pamoja na barua ya kuithibitisha, na kwa barua hiyo angeweza kupangishiwa nyumba yake. Alikuwa ameshazunguka kuulizia, na kila mahali waliomba barua kwanza. Basi akawa anaiongelea barua hiyo kila siku, tukimenya viazi. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kuweka meza ya watoto kusomea, karibu na dirisha, katika nyumba ambayo hajaiona.

Kiingereza hakuwa nacho. Msimamizi alipogundua kuwa tunasikilizana, alinishika bega akasema kuanzia leo mimi ndiye nitakayemtafsiria. Siku ile nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi. Hatimaye kulikuwa na mtu mmoja, Toronto nzima, ambaye kwake Kiingereza changu kilikuwa kikubwa! Nikawa nasimama kati yao mikono nyuma kama mtu wa ubalozi. Sehemu nisiyoisikia niliijaza kwa akili yangu, na kwa kuwa kazi za jikoni ni zilezile, mara nyingi nilipatia.

Hata Kiswahili chake nilikisahihisha. Akisema "batoto", mimi nasema, "Watoto, Mama." Akisema "kintu", nasema, "Kitu." Yeye alicheka tu.

"Weye uko mwalimu," alisema.

Mtu mzima aliyezaa na kuzika, akanivumilia hivyo. Nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Alhamisi moja ya baridi kali, wiki mbili kabla ya majaribio yake kwisha, msimamizi alipita jikoni akiwahi mkutano. Orodha ya vyakula ilikuwa imebadilishwa wiki ile, na sisi wa chini hatukuwa tumeisoma. Alichosema nina hakika nacho, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi mno: mwambie kesho apike chili, sufuria kubwa, ya watu themanini, kila kitu kipo chumba baridi. Akaondoka.

Chili. Hilo neno nililijua. Nani asiyelijua? Kwetu, kwenye vibanda vya chipsi, mezani hukaa chupa mbili, moja ya tomato na moja ya chili, na ole wako uzichanganye. Kamusi yangu ya shule iliandika chili ni pilipili. Kwamba kuna watu duniani wanaoita hivyo mchuzi wa nyama na maharage, hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwa mtu wa kuambiwa.

Nikamgeukia Mama. "Kesho utapika pilipili. Sufuria kubwa, ya watu themanini."

Alinitazama. "Pilipili?"

"Pilipili."

"Ya kula na nini?"

"Hakusema."

"Bazee hawa? Meno hawana, batakula pilipili?"

"Wanakula, Mama. Baridi yote hii, wanataka kujipasha moto."

Hilo nililitunga palepale. Mama akafungua chumba baridi. Kulikuwa na nyama ya kusaga, mafungu makubwa, na makopo ya maharage mekundu yamepangwa chini yake, na hoho. Pilipili zenyewe hazikuwepo hata moja.

"Na hii nyama? Na maharage?"

"Ya Jumamosi," nikasema. Hilo nalo nililitunga.

Alisimama pale mlangoni, baridi ikimpiga mgongoni, akifikiri. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, enda umuulize chef tena." Mama alimwita msimamizi chef, yaani mkubwa kwa Kifaransa chao, ingawa huyo msimamizi mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwona akipika hata yai.

Ofisi ya msimamizi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Mkutano ulikuwa wa nusu saa. Ningesubiri, nigonge, niseme samahani, umesema chili, chili ni nini hasa? Lakini kuuliza kungekuwa kukiri. Siku ileile niliyopewa cheo cha kuelewa niliapa kimoyomoyo kwamba msimamizi hatanisikia nikiuliza kitu mara mbili.

"Nimesikia vizuri, Mama," nikamwambia. "Mimi Kiingereza nimekisoma, sikukiokota."

Mama akasema, "Sawa."

Kesho yake alikuja na mfuko mzima wa pilipili mbuzi aliokuwa ameugandisha kwenye friza tangu kiangazi. Alikuwa ameutunza kwa matumizi ya mwaka mzima, yeye na watoto. Aliubeba kwenye treni na kwenye basi ukimyeyukia mapajani. Nilimwona akiuweka mezani, na nilijisikia vizuri kwamba mambo yamekwenda sawa.

Alizisaga zote. Akatia mafuta kwenye ile sufuria kubwa, akatia vitunguu, akatia nyanya, kisha akamimina pilipili na kuanza kukaanga, kama wanavyokaanga kwao, mpaka mafuta yaelee juu. Mtu yeyote aliyewahi kukaanga pilipili mbuzi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha yote kwa sababu ya baridi anajua kilichofuata. Nilianza kukohoa mimi. Akafuata mwenzetu wa kuosha vyombo. Feni ya kunyonya moshi ilikuwa ikifanya kazi nusu, na mvuke ukatoka jikoni, ukashika ukumbi wa chakula ambako wazee walikuwa wamekwisha kuketi wanasubiri chai yao ya saa nne. Tukasikia ukumbi mzima unakohoa. Wauguzi walianza kukimbia na viti vya magurudumu. Mzee mmoja mwenye mtungi wa oksijeni alisukumwa mpaka upande wa pili wa jengo, na milango ikafungwa nyuma yake. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hakohoi. Alikuwa anakoroga, machozi yanamtiririka, anafanya alichoambiwa.

Hata hapo sikushtuka. Nilijiambia, si wameitaka wenyewe?

Msimamizi aliingia ameziba pua kwa leso. Akauliza hiki ni nini.

"Chili," nikamjibu, tena kwa tabasamu.

Akachungulia sufuria. Akaenda chumba baridi, akafungua, akaiona nyama ilivyolala na makopo yalivyopangwa. Aliporudi alikuwa mwekundu. Alisema chili, akanionyesha kwa mikono, nyama, maharage, nyanya, chili! Watu wote wanajua chili. Na ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, mpaka na ile nyama niliyoipeleka Jumamosi.

Kisha akaniuliza mimi, akinitazama machoni: wewe ulimwambia nini?

Mama alikuwa amesimama kati yetu na jiko, mwiko mkononi, ananitazama mimi pia. Alikuwa anasubiri nimtafsirie. Maneno matatu yangetosha: kosa ni langu. Kwa Kiingereza ni rahisi zaidi, hata mtoto wa darasa la tatu anayajua. Mimi sikuwa kwenye majaribio. Mimi nilikuwa na kazi ya kudumu, na barua yangu nilikuwa nayo nyumbani kwenye sanduku. Ningekemewa, basi. Ningechekwa wiki moja. Nilichokuwa nahofia kukipoteza ni kule kusimama mikono nyuma.

"Nilimwambia chili," nikasema. "She got confused."

Yaani kachanganyikiwa. Hakuna sentensi ya Kiingereza niliyowahi kuitamka vizuri kama hiyo, ilinyooka kama nimezaliwa nayo. Na bila mtu kunilazimisha nikaongeza kwamba si mara ya kwanza, huwa anachanganyikiwa.

"Chef anasema nini?" Mama akaniuliza.

"Anasema imekuwa kali kidogo."

Wazee walikula mikate na jibini mchana ule. Baada ya kusafisha, msimamizi alituita ofisini. Alizungumza polepole safari hii, na nilisikia kila neno. Alisema anasikitika. Alisema pale kuna watu wenye mapafu mabovu, na hawezi kumweka jikoni mtu asiyeelewa maagizo. Alisema majaribio yake yameishia hapo, na nimwambie.

Nikamgeukia. "Mama, wanasema kazi zimepungua. Wanapunguza watu. Si kosa lako."

Ona nilivyokuwa. Hata pale nilijiona mwema, nikajiambia namkinga asiumie. Ule uongo haukumkinga yeye hata chembe. Ulinikinga mimi, asije akauliza kilichotokea.

Mama akauliza, "Na barua?"

Swali hilo lilikuwa la msimamizi, si langu. Huenda angempa barua yoyote, hata ya miezi miwili na nusu, ya kusema alikuja kwa wakati na anajua kupika. Sijui, kwa sababu sikulitafsiri. Nilimjibu mwenyewe. "Hakuna, Mama."

Msimamizi akaniuliza amesema nini.

"Anasema asante," nikajibu.

Tulipotoka kwenye korido Mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa bado ina moto wa pilipili. "Aksanti kwa kunisemea, mwanangu," akaniambia. Akachukua koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikumsindikiza. Nilisema nina kazi.

Kazi kweli ilikuwepo. Msimamizi alikunja mikono ya shati, akavaa aproni, akasema wazee lazima wapate chakula cha jioni, na kwamba mimi nije hapa nione chili ni nini, nisije nikachanganyikiwa na mimi. Alinifundisha palepale kwenye jiko lile, katika sufuria ileile tuliyoisugua mara tatu. Kumbe kupika aliweza. Kitunguu, akasema, usikiharakishe. Nyama peke yake. Nilifuatilia kwa makini kama mwanafunzi mzuri niliyekuwa siku zote, tena nikaandika kwenye karatasi. Nilipomwona anatia bizari nyembamba nilifurahi kuikuta huko, nikamwambia hii kwetu tunatia kwenye pilau, naye akacheka, na tukawa marafiki kidogo. Jioni wazee walikula wakaomba nyongeza. Mimi nilikula bakuli zima. Ilikuwa tamu. Ningependa kusema ilinikaba kooni, lakini ilikuwa tamu na niliimaliza.

Kuanzia wiki iliyofuata Ijumaa ikawa yangu. Miaka ikaenda, msimamizi akastaafu, na jiko likawa langu. Chili yangu ikaishinda yake. Kahawa niliiongeza mimi, na kuiacha ilale mpaka kesho yake ni wazo langu.

Mama sikumtafuta. Namba ya binamu yake nilikuwa nayo, imeandikwa nyuma ya kalenda, na kalenda ile niliihamisha ukuta hadi ukuta kwa miaka mitatu kabla ya kuitupa. Nilijiambia atakuwa amepata kazi nyingine, watu kama yeye hawakosi. Nilijiambia pia kwamba hajui, na asiyejua haumii. St. James Town nilikuwa nikiikwepa. Shoga yangu alihamia kule, jengo zuri tu, na kila akinialika nilimwambia tukutane nje, napenda kutembea. Kwenye baridi ile!

Halafu, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, jirani yangu mmoja, mama wa Burundi, alinialika kanisani kwao, mtaa wa Regent Park, kwenye ibada ya Kiswahili. Baada ya ibada kulikuwa na chakula, kila mtu analeta sufuria yake. Watoto wao walikuwa wanakimbizana ukumbini, wanaitwa kwa Kiswahili na kuitika kwa Kiingereza. Nami nilikwenda na chili, kwa sababu ndicho kitu ninachosifiwa.

Alikuwa nyuma ya meza anapakulia watu. Nilimtambua kwa kitambaa, na kwa jinsi alivyofumba macho akionja mchuzi. Nywele za kando zilikuwa nyeupe. Ningeweza kugeuka. Lakini jirani yangu alikuwa ameshaichukua sufuria yangu mikononi, akaiweka mbele yake, akaenda kutafuta viti.

Mama alifunua mfuniko. Akaniangalia, akaangalia sufuria.

"Hii njo nini?" Njo ni "ndiyo" ya kwao.

Neno lile halikutoka. Nililitamka kila Ijumaa kwa miaka yote ile, lakini mbele yake halikutoka.

"Maharage na nyama," nikasema.

Akachukua kijiko, akaonja, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ananitazama mimi. "Iko muzuri," akasema. "Batu ya huku banaiita chili."

Kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni, nikasogea kando ya meza, na yeye akasogea. Nikaanza kusema. Nilisema, Mama, siku ile, kuna kitu sikukwambia. Nilikuwa nimekipanga kwa miaka, na kilitoka chote kimevurugika: kamusi, chipsi, ofisi, hatua ishirini. Nilisema kwamba nilimwambia msimamizi yeye ndiye... Hapo nikakwama.

"Confuse," akasema Mama. Alilitamka kwa Kifaransa, taratibu, mwishoni akilivuta. "Mi nilisomaka Kifaransa, mwanangu. Ile njo neno yetu. Ulisema niko confuse. Kizungu kingine sikusikia, lakini ile nilisikia."

Kumbe miaka yote ile siri niliyokuwa naibeba hata haikuwa siri. Alijua akiwa amesimama na mwiko. Alijua nilipomwambia imekuwa kali kidogo.

"Na bado ulinishukuru," nikasema.

"Nilisema, nikimushukuru atasikia haya, atasema kweli." Alipangusa ukingo wa sufuria kwa kitambaa, ingawa ulikuwa safi. "Pale nje kuna kituo ya bus, mbele ya mulango ya jikoni. Bus ikakuja, nikaiacha. Ya pili ikakuja, nikaiacha. Nilikuwa nasema, yee hapana mubaya, anaogopa tu, sasa hivi atatoka. Twende kwa chef bote wawili. Ya tatu nikapanda, kwa sababu batoto bataniuliza."

Nilimuuliza nyumba alipata lini. Akasema baada ya miaka miwili, alipopata kazi ya usafi wa maofisi, na kwamba kijana wake mkubwa alikuwa amekwisha kuhama kwa sababu ya kubanana kwa chumba kile, akaacha shule. Alisema bila kukaza sauti, kama anayetaja kituo cha treni.

Nilisema nisamehe. Nadhani nilisema mara kadhaa.

Yeye alikuwa na swali, na aliniuliza kama mtu ambaye kweli anataka kujua, ambaye alisimama kwenye theluji akalifikiria.

"Ulikuwa unafanya nini mule ndani? Bus tatu zile?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema nililia chooni, ningesema msimamizi alinizuia. Angeamini, au angejifanya anaamini.

"Nilikuwa najifunza kupika chili, Mama."

Mama akafunika sufuria yangu, akaisogeza mwisho wa meza, akarudi kuwapakulia watu. Nilibaki nimesimama pale nikisubiri aseme neno, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaniomba niwapishe.